Profesa wa saikolojia anafanya kazi gani hasa?

Likitokea jambo zito, mwanafunzi kajiua, bweni limechomwa moto, baba kaangamiza familia yake, redio na televisheni zetu humtafuta profesa wa saikolojia. Anaketi studio, anaulizwa kulikoni, anajieleza kwa dakika chache, kisha simu za wasikilizaji zinafunguliwa. Hapo ndipo mkanganyiko unapojitokeza. Mmoja anaomba atajiwe dawa ya usingizi. Mwingine anataka profesa amsikilize mumewe kwenye simu na aseme kama anadanganya. Wa tatu anauliza kwa ukali: wewe si unalipwa kufundisha chuo kikuu, haya ya mitaani yanakuhusu nini?

Siwalaumu wanaouliza hivyo. Majina ya kazi hizi yanafanana, na wengi wetu hatujawahi kukaa na wenye kazi hizo ana kwa ana. Ila swali la tatu ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu ndani yake kuna imani kwamba darasa ndiyo kazi na jamii ni hisani ya muda wa ziada. Kwa msomi wa saikolojia mambo hayo mawili hayatengani. Nitalionyesha hilo kwa maisha ya mtu mmoja, profesa Mmarekani Mweusi Kenneth Clark, aliyeyabeba yote mawili kwa zaidi ya miaka 30, akafaulu kwa kishindo na pia akashindwa hadharani.

Tuanze na majina

Saikolojia ni elimu inayochunguza jinsi watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyotenda. Inachunguza kwa kupima, kulinganisha na kuhesabu, si kwa kubahatisha. Kwa hiyo mwanasaikolojia hawezi kumtazama mtu usoni akajua siri yake. Anachoweza kusema ni kwamba watu wengi waliopitia jambo fulani huelekea kufanya hivi au vile, na hata hapo atakuambia wapo wasiofuata mkondo huo.

Daktari wa magonjwa ya akili ni mtu mwingine. Huyo amesomea udaktari wa binadamu kwanza, kisha akabobea katika akili, na ndiye anayeandika dawa. Ndiye utakayemkuta hospitali ya Mirembe kule Dodoma au ya Mathari jijini Nairobi. Mwanasaikolojia tiba anaweza kufanya kazi naye bega kwa bega hospitalini, lakini tiba yake ni mazungumzo yenye utaratibu, vipimo na mazoezi ya kubadili mienendo. Mshauri nasaha naye amefunzwa kusikiliza na kumsaidia mtu atafute njia katika matatizo ya ndoa, msiba, masomo au ulevi. Kenya ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, na jina la sheria hiyo lenyewe linataja makundi mawili.

Uprofesa ni kitu cha aina nyingine kabisa. Ni cheo cha chuo kikuu, hakihusiani na kutibu. Mtu hupanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na mwisho profesa kamili. Yupo profesa wa saikolojia anayetibu, na yupo ambaye maisha yake yote amechunguza namna watoto wanavyojifunza kuhesabu, na hajawahi kuwa na mgonjwa hata mmoja. Kinachowachanganya watu ni lile neno Dokta. Mwenye shahada ya uzamivu huitwa Dokta kwa heshima ya usomi wake, hata kama ni ya historia au hisabati. Msikilizaji akisikia Dokta fulani wa saikolojia, akili yake inakimbilia koti jeupe na karatasi ya dawa.

Baada ya majina, zije kazi. Chuo kikuu humdai mwalimu wake mambo matatu: kufundisha, kutafiti, na kuhudumia jamii. Hili la tatu limo katika vigezo vya kupandishwa cheo katika vyuo vingi, vya kwetu na vya kwingine. Kwa hiyo profesa aliyeko redioni, au anayewafunza walimu wa msingi namna ya kumtambua mtoto aliyenyanyaswa, au anayetoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani, hajatoroka kazini.

Kwa nini wadai hivyo? Fikiria mtafiti wa mbegu za mahindi anayeishia kwenye vitalu vya kituo chake. Mbegu inastawi pale kwa sababu maji yapo, mbolea ipo na wadudu wanapuliziwa dawa. Siku mkulima atakapoipanda mlimani ikakauka, mtafiti hatajua mpaka afunge safari. Akifika shambani anamsaidia mkulima, na papo hapo mkulima anamwonyesha kosa la kitabu chake. Profesa wa saikolojia yuko vilevile, na hatari yake ni kubwa zaidi, maana akikosea anayeumia ni mtoto wa mtu.

Kijana wa Harlem na mwalimu wake

Kenneth Bancroft Clark alizaliwa mwaka 1914 katika eneo la Mfereji wa Panama. Akiwa bado mtoto mdogo mama yake alimchukua yeye na dada yake wakahamia Harlem, mtaa wa jiji la New York unaojulikana kwa wakazi wake Weusi, na mama akawalea kwa kazi ya ushonaji. Kenneth alipoingia Chuo Kikuu cha Howard, Washington, alikuwa na nia ya kusomea udaktari. Kilichombadilisha ni mwalimu.

Mwalimu huyo alikuwa Francis Cecil Sumner, ambaye mwaka 1920 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika saikolojia. Sumner aliiongoza idara ya saikolojia ya Howard hadi alipofariki mwaka 1954. Hakuwa mtu wa majukwaa. Jina lake halitajwi sana hata Marekani kwenyewe. Lakini aliijenga idara iliyotoa Wamarekani Weusi wengi waliofuata katika taaluma hii, wakati milango ya vyuo vingine ilikuwa imefungwa mbele yao. Wanaodhani huduma kwa jamii lazima iwe mkutano wa hadhara na kamera wamtazame Sumner, kwa maana alihudumia jamii yake kwa kufundisha vizuri watu ambao hakuna mwingine aliyetaka kuwafundisha.

Clark alimaliza Howard mwaka 1935, akachukua shahada ya uzamili hapohapo mwaka uliofuata, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1940 akawa Mweusi wa kwanza kupata uzamivu wa saikolojia chuoni hapo. Wa pili, mwaka 1943, alikuwa mkewe, Mamie Phipps Clark.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu habari hii ikisimuliwa haraka Mamie hubaki kivulini. Alizaliwa mwaka 1917 Hot Springs, jimbo la Arkansas, akaingia Howard kusoma hisabati, na Kenneth ndiye aliyemshawishi ahamie saikolojia. Utafiti uliokuja kuwapa wote wawili jina ulianzia katika tasnifu yake ya uzamili, iliyouliza mtoto Mweusi ambaye hajaanza shule anaanza lini kujitambua kuwa ni Mweusi. Pale Columbia msimamizi wake alikuwa Profesa Henry Garrett, mtu aliyeamini kwamba Weusi ni duni kwa maumbile. Tutakutana naye tena.

Kenneth alianza kufundisha City College ya New York mwaka 1942, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1975. Mwaka 1960 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata uprofesa kamili wa kudumu chuoni hapo. Mamie, mwenye shahada ileile kutoka chuo kilekile, alihangaika kupata kazi. Akaishia kufanya kazi katika makao ya wasichana Weusi wasio na nyumba, akiwapima na kuwashauri. Ndipo alipoona wazi kwamba Harlem nzima haikuwa na mahali pa kumpeleka mtoto mwenye matatizo ya kisaikolojia.

Chumba cha chini ya ghorofa

Mwaka 1946 mume na mke hao walifungua kituo chao cha kupima na kushauri watoto, kwa msaada wa fedha kutoka familia ya Mamie. Walianza katika chumba cha chini kabisa cha majengo ya Dunbar, Harlem. Baadaye kikaitwa Northside Center for Child Development. Mamie alikiongoza hadi mwaka 1979.

Kazi ya mwanzo ya kituo ndiyo inayonieleza vizuri zaidi maana ya msomi kutoka nje ya darasa. Wazazi walikuwa wanafika na barua kutoka shuleni: mtoto wako ana upungufu wa akili, amehamishiwa darasa maalumu. Mzazi wa Harlem wa miaka ile angebishana na shule kwa hoja gani? Hakuwa na kipimo mkononi, na shule ilikuwa nacho. Northside wakaanza kuwapima upya watoto hao, mmoja baada ya mwingine, na wengi wao wakakutwa wako juu ya kiwango ambacho sheria za shule zenyewe zilikiweka kwa darasa hilo. Wamewekwa huko kimakosa.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Vipimo vya akili ni mali ya saikolojia. Saikolojia ndiyo iliyovibuni, ikavipeleka mashuleni, vikatumika vibaya. Kurekebisha kosa hilo kulihitaji wanasaikolojia walioko mtaani, karibu na mzazi, wenye ujuzi uleule wa vipimo na wasio na hofu ya kuiambia shule kwamba imekosea. Clark angebaki City College akifundisha kozi ya vipimo vya akili kwa ufasaha wa hali ya juu, wale watoto wangeendelea kukaa darasa lisilowafaa, na wanafunzi wake wangehitimu bila kujua kwamba kipimo kinaweza kumdhulumu mtu.

Northside haikumtazama mtoto peke yake. Ilimtazama na mama yake, nyumba anayolala, shule anayokwenda na mtaa anaopita. Leo wazo hilo linaonekana la kawaida. Wakati ule lilipingana na desturi ya kuutafuta ugonjwa ndani ya kichwa cha mtoto na kuishia hapo.

Wanasesere wanne

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wamelisikia, mara nyingi likiwa limepindishwa.

Akina Clark walitumia wanasesere wanne. Wote walifanana kila kitu isipokuwa rangi: wawili ngozi ya kahawia na nywele nyeusi, wawili ngozi nyeupe na nywele za manjano. Mtoto Mweusi wa kati ya miaka mitatu na saba aliwekwa mbele yao, akaombwa kwa sauti ya kawaida: nipe mwanasesere unayependa kucheza naye. Nipe aliye mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Nipe mwenye rangi nzuri. Kisha yakafuata maswali ya utambuzi: nipe anayefanana na mtoto Mzungu, nipe anayefanana na mtoto Mweusi. Na la mwisho kabisa: nipe anayefanana na wewe.

Watoto walikuwa 253, baadhi wa shule zilizotengwa kwa rangi kule Arkansas, kusini mwa Marekani, wengine wa shule za mchanganyiko Springfield, Massachusetts, kaskazini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1947. Asilimia 67 walitaka kucheza na mwanasesere mweupe. Asilimia 59 walisema wa kahawia ndiye anayeonekana mbaya. Halafu likaja lile swali la mwisho, na mtoto aliyetoka tu kumwita wa kahawia mbaya alitakiwa kumnyooshea kidole na kusema huyu ni mimi. Kule Massachusetts walikuwepo waliolia, wakatoka chumbani mbio. Clark alisema baadaye kwamba kazi hiyo ilimsumbua sana rohoni.

Mwaka 1951 mawakili wa chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, ambao kiongozi wao alikuwa Thurgood Marshall, walikuwa wanatafuta ushahidi kwamba shule za kutenganisha zinaumiza watoto hata kama majengo na vitabu vingekuwa sawa. Robert Carter, mmoja wa mawakili hao, akamwendea Clark. Clark akabeba wanasesere wake hadi wilaya ya Clarendon, South Carolina, akawapima watoto 16 wa huko. Kati yao 11 walisema mwanasesere wa kahawia anaonekana mbaya. Akatoa ushahidi mahakamani. Mwaka 1952 akawa mmoja wa waandishi wa tamko la wanasayansi ya jamii lililopelekwa Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 17 Mei 1954, katika kesi ya Brown, iliyounganisha kesi kadhaa za shule ikiwemo ile ya Clarendon, mahakama hiyo iliamua kwa kauli moja kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi kunavunja katiba.

Husemwa kwamba wanasesere ndio walioshinda kesi ile. Si kweli. Kesi ilijengwa kwa miaka mingi ya kazi ya kisheria na kwa ujasiri wa wazazi waliokubali majina yao yawekwe kwenye mashtaka. Saikolojia iliingia kama nguzo mojawapo. Mahakama ilisema kutenganisha kunamjengea mtoto hisia ya kuwa duni, na kwa kuunga mkono kauli hiyo ikaweka tanbihi ya 11, yenye orodha ya maandishi ya wasomi. La kwanza katika orodha hiyo ni ripoti ya Clark ya mwaka 1950, aliyoiandaa kwa ajili ya mkutano wa Ikulu ya Marekani kuhusu watoto na vijana. Jaribio la wanasesere halikutajwa kwa jina.

Husemwa pia kwamba jaribio lile lilithibitisha shule za kutenganisha ndizo zilizowaharibu watoto. Hapa tuwe wakweli, maana wapinzani wa Clark walilishika jambo hili na walikuwa na hoja. Watoto wa kaskazini, waliosoma na Wazungu, walimchagua mwanasesere mweupe zaidi kuliko wa kusini: asilimia 72 kwa 62. Kama shule iliyotengwa ndiyo sababu pekee, hesabu ingekuwa kinyume. Clark alijibu kwamba wa kusini walikuwa wameshaizoea hali yao na kuikubali, wa kaskazini bado walikuwa wanapigana nayo ndani kwa ndani. Jibu hilo lina busara, lakini linatafsiri matokeo, halithibitishi kitu. Ninavyoona mimi, jaribio lile lilithibitisha kitu kipana kuliko shule: kwamba dharau ya jamii nzima inamfikia mtoto wa miaka mitatu kabla hajajua kusoma herufi moja. Hilo ni zito kuliko lile lililodaiwa mahakamani, na bado linatuhusu. Nenda duka lolote la vipodozi hapa Afrika Mashariki, hesabu makopo ya kung'arisha ngozi.

Profesa wa upande wa pili

Nilisema tutakutana tena na Henry Garrett. Katika kesi ya Virginia, mojawapo ya zile zilizounganishwa chini ya jina la Brown, upande uliotetea kutenganisha watoto ulimwita yeye. Profesa wa Columbia, aliyewahi kuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1946, alikula kiapo akasema shule za kutenganisha hazina ubaya. Na aliyeitwa kumjibu mahakamani alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, Mamie Clark.

Kisa hiki ni dawa ya imani nyingine niisikiayo mara kwa mara, kwamba profesa akisema basi sayansi imesema. Garrett alikuwa na cheo kikubwa kuliko Mamie, machapisho mengi kuliko yeye, na jina lililojulikana. Alichokosa ni kuwajua watoto aliokuwa anawazungumzia. Mamie alikuwa amekaa na watoto wa namna hiyo, akiwapima na kuwashauri. Basi profesa anapozungumza kuhusu jamii fulani, muulize ameijuaje. Amekwenda? Amewasikiliza nani? Alirudi kuwaambia alichokiona? Cheo chake hakimwondolei wajibu wa kujibu.

Pale huduma inapogonga mwamba

Baada ya mwaka 1954 Clark hakupumzika. Mwaka uleule alisimama New York akasema shule za jiji hilo nazo zimetengwa kwa rangi, ingawa hakuna sheria inayoagiza hivyo, jambo lililowaudhi viongozi wa jiji waliokuwa wakiinyooshea kidole South Carolina. Kuanzia mwaka 1966 alikaa miaka 20 katika bodi inayosimamia elimu ya jimbo zima la New York, akiwa Mweusi wa kwanza humo. Mwaka 1971 alikuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, kiti kilekile alichokalia Garrett, na hapo pia akawa Mweusi wa kwanza.

Jaribio lake kubwa zaidi mtaani, hata hivyo, lilivunjika. Mwaka 1962, kwa fedha za serikali, alianzisha Harlem mradi ulioitwa HARYOU, wa kuchunguza maisha ya vijana na kupanga namna ya kuyabadili. Vijana wenyewe walishirikishwa katika uchunguzi. Ripoti iliyotoka mwaka 1964 ilizidi kurasa 600, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba tatizo la Harlem si tabia za watu wake bali ni kukosa kwao nguvu ya kuamua mambo yao. Kisha fedha nyingi zikaanza kunukia. Mbunge wa Harlem, Adam Clayton Powell, akataka usemi kuhusu nani aongoze. Wakavutana, na Clark akajiuzulu mwaka huohuo.

Nalieleza hili kwa sababu tunapowasifu wasomi wa aina hii huwa tunakata sehemu ya kushindwa. Utafiti unaweza kukuonyesha kwamba watu hawana nguvu. Kuwapa nguvu hiyo ni siasa, na siasa ina wenyewe, wenye kura, ofisi na marafiki. Clark alijua kupima; hakuwa mjuzi wa mivutano ya namna hiyo. Msomi anayekwenda kuhudumia jamii ajue mapema kwamba ataingia eneo ambalo shahada yake haimsaidii chochote, na kwamba anaweza kushindwa na mtu asiye na shahada hiyo lakini anayejua kila mlango wa mtaa. Na hata Clark mwenyewe hakukosea njia kwenye siasa tu. Katika hotuba yake ya urais mwaka 1971 alipendekeza watafutiwe dawa viongozi wa dunia za kupunguza ukali wao wasije wakaanzisha vita. Alisema kwa dhati, akiiogopa bomu la nyuklia, na wenzake wengi walilipinga wazo hilo. Nadhani walikuwa sahihi kumpinga.

Kugawa ujuzi

Miaka miwili kabla ya hotuba hiyo ya Clark, rais mwingine wa chama hicho, George Miller, alikuwa ametoa hotuba ambayo bado inanukuliwa. Aliwaambia wanasaikolojia wenzake kwamba wajibu wao ni kuigawa saikolojia kwa watu, ili kila mtu aweze kuitumia mwenyewe, badala ya kubaki mali ya wataalamu wanaoitoa kwa kipimo.

Afrika imelifanyia kazi wazo hilo kwa namna inayonifurahisha. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, namna ya kukaa kwenye benchi na mtu mwenye msongo na kumsaidia alitatue tatizo moja kwa wakati. Walipima matokeo kwa njia za kisayansi, wakachapisha mwaka 2016: waliokaa na bibi walipungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ukafika hadi Zanzibar.

Na mfano wa Kenya unarudi moja kwa moja kwenye vile vipimo vya Northside. Profesa Frederick Okatcha, wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, alikuwa katika timu ya Mmarekani Robert Sternberg iliyofanya utafiti Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 walipimwa kwa maswali ya kawaida ya shule, kisha wakaulizwa juu ya dawa za mitishamba: ipi ni ya maradhi gani, na inatumiwa kiasi gani. Ni ujuzi wa maana sana mahali ambapo minyoo na malaria ni vya kila siku. Waliojua zaidi mitishamba walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya shule, hasa vya msamiati. Angekuja mtu na karatasi za shule peke yake, angewaandika watoto hao kuwa wazito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, na vitabu vya saikolojia vinavyofundishwa Marekani na Ulaya vinawataja watoto wa Usenge.

Kwa hiyo, ukimsikia profesa wa saikolojia redioni, usimwombe dawa. Kama wewe au mtu wako hali yake ni mbaya, hapati usingizi, anasikia sauti, anazungumzia kujiua, nenda hospitali leo hii na uombe kuonwa na daktari wa magonjwa ya akili. Kama ni mzigo wa msiba, ndoa au masomo, tafuta mshauri nasaha aliyefunzwa. Na kama shule imekuambia mtoto wako hafundishiki, omba kuonyeshwa kipimo walichotumia, nani alikifanya na kwa lugha gani, kisha umpeleke kwa mwanasaikolojia mwingine apimwe upya. Vyuo vikuu kadhaa vyenye idara ya saikolojia huwa na ofisi ya ushauri, na wanafunzi wa huko hufanya mazoezi kwa vitendo chini ya walimu wao. Piga simu ulizia, uambiwe ni siku gani wanapokea watu kutoka nje ya chuo na kama kuna malipo.